Bafe au Ukumbi? Wasomaji Wanauliza Kuhusu Mlo wa Melini

Katika toleo lililopita nilidokeza kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa mhudumu wa meza katika meli za kitalii kwa miaka saba, na dokezo hilo moja limeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wengi wanaouliza wamealikwa na watoto wao walioko ng'ambo, au wao wenyewe wanaishi huko na wameanza kuweka akiba kwa ajili ya safari ya kwanza. Karibu kila barua inarudi kwenye jambo moja: chakula kinaliwa wapi, kwa vazi gani, na je, anayejipakulia kwenye bafe amekosa kitu? Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama mstaafu. Kijana wangu anayefanya kazi Houston amenikatia tiketi ya safari ya siku saba, kutoka Galveston kwenda Cozumel na Roatán. Mkwe wangu ameniambia kwamba jioni tutakula katika ukumbi rasmi, ambako mezani kuna uma na visu vya kila namna na chakula huletwa kidogo kidogo. Mimi nimezoea kula nikashiba. Ninataka kula kwenye bafe siku zote saba. Je, nitakuwa nimempotezea mwanangu fedha? — *Mama wa watatu, Tanga*

Shikamoo mama. Fedha haitapotea, kwa sababu chakula cha bafe na chakula cha ukumbi mkuu vyote vimo ndani ya nauli ambayo mwanao ameshailipa. Kinachotozwa pembeni ni migahawa maalumu, ile ya nyama za kuchoma au ya vyakula vya Kijapani, pamoja na soda na vileo. Maji, chai na kahawa ya kawaida havina malipo. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba ukumbi ndio ulioulipia na bafe ni ya waliokosa, wala kinyume chake.

Hata hivyo, naomba uniruhusu nikupinge kidogo, kwa heshima zote. Watu wengi wa rika lako niliowahudumia walipanda meli wakiwa na hofu hiyo hiyo ya uma na visu, wakakimbilia bafe, na kufikia siku ya tatu walikuwa wamechoka. Bafe ya melini iko juu kabisa, karibu na bwawa la kuogelea. Kampuni ya meli ya Carnival huiita Lido na ile ya Royal Caribbean huiita Windjammer. Ukifika hapo ni wewe mwenyewe unayesimama kwenye foleni, unayeshika sahani ya moto kwa mkono mmoja na glasi kwa mkono mwingine, huku meli ikiyumba, halafu unazunguka kutafuta kiti kati ya watu mia kadhaa. Ukikumbuka kwamba hukuchukua chumvi, unarudi. Kijana hayahisi hayo, lakini magoti ya mstaafu huyahisi. Katika ukumbi unaketi mara moja, kitambaa kinawekwa mapajani mwako, na kuanzia hapo kazi yote ni ya wengine. Ninaona ajabu kwamba sehemu inayoitwa rasmi, na inayowatisha wazee, ndiyo hasa inayowapumzisha.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wako huenda hawalijui. Katika meli nyingi ukumbi mkuu uko chini, karibu na usawa wa maji, na mara nyingi umekaa upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ilhali bafe iko sitaha za juu. Meli inapoyumba, aliye juu husogezwa zaidi kuliko aliye chini. Ikitokea jioni ya mawimbi na kichefuchefu kikaanza kukusumbua, teremka ukale chini, na ikiwezekana omba meza isiyo karibu sana na ncha ya nyuma, ambako mtikisiko wa mitambo husikika.

Kuhusu vyombo, kanuni ni moja tu: anza na vile vilivyo nje kabisa, kisha uje ndani kadiri sahani zinavyobadilishwa. Isitoshe, baada ya kuagiza, mhudumu mzuri huondoa visivyohitajika na kuongeza vinavyohitajika, hivyo ukiagiza samaki utakuta kisu cha samaki kimeshawekwa. Nilipokuwa kazini sikuwahi kumcheka mgeni aliyeshika uma usio wake. Tuliomcheka, jikoni na kwa sauti ya chini, ni yule aliyejifanya anajua.

Suala la kushiba nalo lina jawabu. Ni kweli kwamba sahani za ukumbini ni ndogo, lakini hakuna anayekuzuia kuagiza vianzio viwili, au kuagiza vyakula vikuu viwili kwa pamoja. Carnival, kwa mfano, huanza kutoza dola 5 pale tu unapofika chakula kikuu cha tatu. Mwambie mhudumu wako siku ya kwanza kwamba unapenda wali na unapenda pilipili. Majikoni mwa meli hizi mna wapishi wengi kutoka India, Ufilipino na Indonesia, na wali haukosekani. Kuanzia siku ya pili utaukuta mezani bila kuuliza, kwa kuwa katika mpango wa meza ya kudumu unahudumiwa na watu wale wale kila jioni, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya ukumbi na bafe. Ningekushauri ule asubuhi na mchana kwenye bafe, unapotaka kuona bahari na kuchagua matunda yako mwenyewe, na jioni uwe ukumbini. Kama baada ya jioni mbili bado hujaupenda, panda juu ukale bafe kwa amani.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na ningependa kujua mipango hii miwili ilitoka wapi. Je, ukumbi rasmi ni mabaki ya enzi za madaraja, na bafe ni demokrasia iliyokuja baadaye? — *Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, swali lako ni zuri, ila historia yenyewe imepindapinda zaidi ya hapo. Katika meli kubwa zilizovuka Atlantiki mwanzoni mwa karne iliyopita, kila daraja lilikuwa na ukumbi wake, saa zake na chakula chake, na hata abiria wa daraja la kwanza walikula kwa kengele. Jambo lililohesabiwa kuwa anasa kubwa lilikuwa kinyume cha urasmi huo, yaani uhuru wa kula saa uitakayo. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilianzisha mgahawa wa kuagiza chakula kwa hiari, ulioendeshwa kwa jina la Ritz, na abiria waliolipa zaidi waliweza kuketi humo bila kufuata zamu za ukumbi mkuu. Titanic, iliyozama mwaka 1912, nayo ilikuwa na mgahawa wa aina hiyo kando ya ukumbi wa daraja la kwanza wenye viti zaidi ya 500.

Baada ya hapo kumbi zikageuka kuwa maonyesho. Normandie ya Ufaransa, iliyoanza safari mwaka 1935, ilikuwa na ukumbi wa chakula wenye urefu wa mita 90 hivi, mrefu kuliko ule Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles. Kwa kuwa haukupata mwanga wa jua, uliangazwa kwa nguzo na taa za vioo vya Lalique, msanii wa vioo wa Kifaransa. Abiria walishuka ngazi kuingia humo ili waonekane. Mpaka leo wasanifu wengi wa meli huweka ngazi pana katikati ya ukumbi mkuu, na sasa unajua sababu.

Ndege ndizo zilizovunja ulimwengu huo. Zilipoanza safari za ndege za jeti kati ya New York na Ulaya mwaka 1958, watu waliacha kuvuka bahari kwa meli, na wenye meli wakalazimika kuuza kitu kingine, yaani safari yenyewe badala ya mwisho wa safari. Royal Caribbean ilianzishwa mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972, zote zikitegemea jua la Karibea na wateja wa kawaida wa Marekani waliotaka kushinda na nguo za kuogelea. Mtu aliyetoka bwawani hataki kwenda kubadili nguo ili ale mchana, kwa hiyo chakula kilimfuata pale pale kwenye sitaha ya bwawa. Meza ile ya mchana ndiyo iliyokua ikawa bafe ya leo, inayofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku.

Kwa hiyo, Mwalimu, bafe ilizaliwa na joto la Karibea kuliko siasa. Mabadiliko yaliyogusa usawa kwa kweli ni yale ya mwaka 2000, Norwegian Cruise Line ilipotangaza mpango wake wa kumwacha mgeni ale wakati autakao, na watu awatakao, bila meza iliyopangwa. Kampuni nyingine zikafuata kwa majina yao. Kile ambacho tajiri wa mwaka 1905 alikilipia zaidi, sasa kiko ndani ya nauli ya fundi umeme wa Ohio. Lakini usiwaambie wanafunzi wako kwamba madaraja yamekwisha. Katika Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza kazi mwaka 2004, bado chumba ulichokata ndicho kinachoamua utakula wapi: wenye vyumba vya juu kabisa hula Queens Grill, wanaofuata hula Princess Grill, na walio wengi hula katika ukumbi wa Britannia.

Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Birmingham. Mwaka ujao ninatarajia kuvuka na mke wangu kutoka Southampton hadi New York kwa Queen Mary 2. Tumesoma kwamba jioni kuna mavazi rasmi. Sina suti nyeusi, na kusema kweli sipendi tai. Je, kanzu inakubalika, au tutafukuzwa kwenda bafe? Na chakula cha halali tutakipata wapi kwa urahisi zaidi? — *Msomaji, Birmingham*

Umeitaja meli ambayo huenda ndiyo inayoshika mavazi kwa ukali kuliko zote kubwa zilizobaki, lakini usiwe na wasiwasi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni Cunard inataka wageni wavae nadhifu katika sehemu nyingi za meli, na katika usiku wa sherehe, ambao huwa mara chache tu katika safari ya siku saba, wanaume huvaa suti nyeusi na tai. Hata hivyo, kanuni zake zinaruhusu pia vazi rasmi la taifa lako. Waskoti huja na sketi zao za kitartani. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake na kofia ya kiua, ni vazi tunaloendea kwenye harusi na kwenye baraza ya Idi, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema si rasmi. Ningeongeza joho kama unalo. Makubadhi yaache chumbani, uvae viatu vya kufunika. Mkeo akivaa dira la sherehe au vazi lolote refu la heshima, atakuwa amevaa vizuri kuliko nusu ya ukumbi.

Ikitokea usiku mmoja hamna hamu ya sherehe, hamtakuwa mmefukuzwa. Bafe ya meli hiyo, inayoitwa Kings Court, hupokea wageni waliovaa nguo za kawaida hata usiku wa sherehe, na chakula chake ni cha kutosha. Katika meli za Karibea mambo ni mepesi zaidi: Carnival huweka usiku mmoja wa kuvaa vizuri katika safari fupi, na mbili katika safari ya siku sita au zaidi, na humo shati lenye kola na suruali ndefu vinatosha.

Sasa tuje kwenye halali, ambako nitasema mengi kidogo kwa sababu ninaona watu wengi wanakosea. Mwislamu anayepanda meli kwa mara ya kwanza hudhani bafe ni salama zaidi kwa kuwa anakiona chakula kwa macho yake. Macho hayatoshi. Kwenye bafe koleo la soseji za nguruwe hushikwa na mgeni mmoja, likaachwa kwenye trei ya kuku na mgeni wa pili, na hakuna mhudumu anayeweza kulilinda kila dakika. Vitindamlo vinavyotetemeka mara nyingi vina jelatini, kigandishi kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo asili yake haijaandikwa popote, na mchuzi wa kahawia unaomwagwa juu ya nyama unaweza kuwa umepikwa kwa mvinyo. Kibandiko kilichobandikwa mbele ya trei hutaja jina la chakula na, pengine, vitu vinavyoleta mzio. Asili ya nyama hutaikuta hapo.

Ukumbini unaweza kuzungumza na mtu. Utaratibu ni huu: unapokata tiketi, andika maombi yako kwa kampuni, kwa maandishi na wiki kadhaa kabla ya safari, ukiuliza waziwazi kama watabeba nyama yenye cheti cha halali au la, kwa kuwa meli haiwezi kuteremka sokoni katikati ya Atlantiki. Siku ya kupanda, kabla ya chakula cha jioni, mtafute msimamizi mkuu wa ukumbi ujitambulishe. Kuanzia hapo kila usiku utaletewa orodha ya chakula cha kesho yake, uchague, na jikoni watakuandalia kando. Nilikuwa ninapeleka sahani hizo mwenyewe zikiwa na karatasi ya jina, na ninaweza kushuhudia kwamba mpishi aliyepewa saa ishirini na nne huwa makini kuliko mpishi aliyeulizwa ghafla. Iwapo kampuni itajibu kwamba haina nyama ya halali, kuleni samaki na mboga ukumbini, mkisisitiza kwamba visipikwe kwa mvinyo. Kwenye bafe mtapata mayai ya kuchemsha, matunda, mkate na samaki, hasa asubuhi, na hiyo inatosha.

Mimi ni muuguzi. Kila mara ninasoma habari za watu kuharisha na kutapika melini. Je, si kweli kwamba bafe ndiyo inayowaambukiza, na kwamba anayekula ukumbini yuko salama? — *Muuguzi, Minneapolis*

Sehemu ya kwanza ina ukweli, ya pili si kweli. Mara nyingi adui ni norovirusi, na wewe unajua kuliko mimi jinsi anavyosafiri: kwa mikono, kwa vitasa, kwa reli za ngazi na kwa hewa ya mtu aliyetapika karibu nawe. Bafe humrahisishia kazi kwa kuwa mamia ya mikono hushika koleo moja kwa saa moja. Lakini mgeni aliyeambukizwa huingia ukumbini pia, hushika orodha ya chakula na chombo cha chumvi, na hukalia kiti utakachokalia wewe.

Meli zinazotia nanga Marekani zikitoka nchi za nje hukaguliwa bila taarifa na mpango wa usafi wa meli ulio chini ya CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa. Alama kamili ni 100, na meli inayopata 85 au chini ya hapo imeanguka. Matokeo hutangazwa kwa umma, kwa hiyo unaweza kuitazama meli yako kabla hujalipa. Kwa kawaida mlipuko wa ugonjwa wa tumbo hutangazwa pale abiria au wafanyakazi wasiopungua asilimia 3 wanaporipoti dalili. Wakaguzi huingiza vipimajoto kwenye trei za bafe: chakula cha moto kinapaswa kubaki nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Siku ya ukaguzi, nakuambia, hata mpishi mkuu alikuwa akisali.

Jambo la kuwaambia wenzako ni hili. Zile chupa za dawa ya alkoholi zilizowekwa mlangoni pa bafe hazimwezi vizuri norovirusi. Maji na sabuni kwa sekunde 20 ndiyo yanayomwondoa, na ndiyo maana meli nyingi mpya zimejengewa masinki ya kunawia hapo mlangoni. Nawa kabla ya kuchukua chakula, na ukishakichukua nawa tena kabla ya kula, kwa sababu umeshika koleo. Ukiona ghafla wahudumu ndio wanaopakua na wageni wamekatazwa kugusa vijiko, basi elewa kwamba idadi ya wagonjwa imeanza kupanda, hata kama hakuna tangazo lililotolewa. Hapo mimi ningehamia ukumbini mpaka hali itulie.

Tuna watoto wa miaka minne na saba. Je, tuwapeleke ukumbini au tutawaudhi watu? — *Baba na Mama, Nairobi*

Wapelekeni, lakini chagueni zamu ya kwanza, ambayo huanza saa kumi na mbili jioni au karibu na hapo. Zamu ya pili huanza saa mbili au mbili na nusu usiku, na mtoto wa miaka minne atakuwa amelala kwenye supu. Mwombeni mhudumu alete chakula cha watoto mara tu mnapoketi, bila kuwasubiri wakubwa. Mlo wa ukumbini huchukua saa moja na nusu au zaidi, kwa hiyo siku mkiona wamechoka kwa jua na kuogelea, pandeni bafe mkale pizza bila kujilaumu.

Katika safari yetu ya mwezi uliopita tulikula ukumbini jioni mbili za mwanzo, kisha mume wangu akasema amechoka kuvaa, tukahamia bafe mpaka mwisho. Siku ya nne tulikutana na yule mhudumu wetu kwenye ujia, akatuuliza kwa unyonge kama alitukosea. Tangu hapo sina raha. Je, tulimpunguzia mapato yake? — *Mwenye fadhaa, Dar es Salaam*

Dada yangu, barua yako imenirudisha mbali. Kuhusu mapato, jibu fupi ni kwamba, katika kampuni nyingi kubwa, hamkumpunguzia sana. Kampuni za Marekani huongeza bahashishi katika hesabu ya kila mgeni, takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku kwa vyumba vya kawaida, na fedha hiyo hugawanywa kwa wahudumu wa ukumbi, wa vyumba na mara nyingi wa bafe pia. Mgeni akila juu au chini, fungu linaingia chungu kimoja. Linalopungua ni ile bahasha ya pembeni ambayo mgeni humpa mhudumu wake jioni ya mwisho, na hiyo mnaweza kuifikisha hata kama mlikula bafe.

Lakini unyonge wake ulikuwa na sababu nyingine, nami ninaifahamu kwa kuwa nimeubeba mwenyewe. Mhudumu wa ukumbi hupewa meza zake, wageni 20 hivi kwa kila zamu, na meza ikibaki tupu jioni tatu mfululizo, msimamizi wake humfuata na kumuuliza kulikoni. Yeye hajui kama mmechoka kuvaa au mmemchukia. Mwisho wa safari wageni hutumiwa maswali ya kutathmini huduma, na majibu hayo husomwa na wakubwa na huathiri sehemu atakayopangiwa katika mkataba ujao, yaani meza nzuri za dirishani au zile za karibu na mlango wa jikoni. Mtu yuko mbali na nyumbani kwa miezi sita hadi tisa, bila siku nzima ya mapumziko. Sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia ya mwaka 2006 inamhakikishia angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa hizo mara nyingi hukatwa vipande viwili kwa sababu mhudumu huyo huyo aliyewapakulia jioni ndiye aliyesimama bafe asubuhi kuwamiminia kahawa. Huenda mlimpita siku zote hizo bila kumtambua, kwa sababu juu huvaa sare tofauti.

Kwa hiyo msimfanyie hesabu ya dola peke yake. Kama bado hamjajibu yale maswali ya tathmini, jibuni leo na mtaje jina lake lililokuwa kwenye beji, mkieleza kwamba mlihamia bafe kwa sababu zenu wenyewe. Maneno hayo mawili yana thamani kwake kuliko noti. Na mume wako mwambie kwamba safari ijayo achague mpango wa kula wakati wowote, ambao hauna meza ya kudumu, ili pasiwe na mtu anayemsubiri.

Nikila kwenye bafe, ninaruhusiwa kufunga matunda na mikate nishuke nayo bandarini? Chakula cha bandarini ni ghali. — *Mbana matumizi, Mombasa*

Chumbani unaweza kupeleka sahani yako, wala hakuna atakayekusema. Kushuka nayo bandarini ni marufuku, kwa sababu nchi nyingi, Mexico na Marekani zikiwemo, hulinda mashamba yao dhidi ya wadudu na magonjwa yanayoingia kwa matunda, nyama na vyakula vilivyopikwa, na anayekamatwa hunyang'anywa na anaweza kutozwa faini. Biskuti zilizofungwa kiwandani na ambazo hazijafunguliwa kwa kawaida hazina tatizo. Vinginevyo kula chakula kizito cha asubuhi kabla ya kushuka, kisha urudi melini alasiri, kwa kuwa katika siku ya bandari bafe huwa karibu tupu wakati huo na utakula bila foleni.